Uhamiaji halali na haramu: majibu ya mhafidhina wa Malindi

Duka langu ni la kujaza fomu. Watu wa Malindi, Mambrui, Ngomeni na hata Lamu hunijia na mambo ya pasipoti, vibali vya kazi, viza za Uarabuni na bahati nasibu ya ukaazi wa Marekani, na fomu ikishakwisha mjadala huanza. Msimamo wangu wa kihafidhina wengi wanaujua, na baadhi yao unawakera. Hapa nimeyakusanya maswali yanayorudi kila wiki. Huu si ushauri wa wakili. Mwenye kesi amtafute wakili.

Unaamini nini hasa?

Kwamba nchi ina haki ya kuchagua nani aingie, akae muda gani na afanye kazi gani. Kwamba aliyefuata taratibu asifanywe mjinga na aliyeziruka. Na kwamba sheria isiyotekelezwa ni mbaya kuliko kukosa sheria, kwa sababu huwabana waungwana peke yao.

Sisemi wageni wasije. Malindi yetu imekula kwa wageni tangu enzi. Mfalme wa hapa alimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 akampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. (Mwaka 1505 Wareno waliipora na kuichoma Mombasa, kwa hiyo hata ukarimu ule una mjadala wake.)

Kwani babu yako si alikuja na jahazi kutoka Hadhramaut?

Alikuja, na sioni la kuficha. Alikuja na kaskazi kama wengi waliokuja kabla yake. Lakini wanaonitupia swali hili husahau namna alivyopokelewa. Alikuwa na mtu wa kumdhamini. Alilala kwa huyo mdhamini, akafanya kazi dukani kwake, na lau angeiba au angeharibu mtoto wa watu, aibu na deni vingemwangukia mdhamini. Asiyepata shughuli alirudi kwao kusi lilipoanza kuvuma. Hakuna aliyeandika kanuni hizo popote, na zilikuwa kali kuliko za leo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakusema mfukuze. Hawakusema pia mkalishe baraza miaka kumi, alishwe, na mwenyewe hataki kusema jina lake.

Kisheria, hapa Kenya, nani ni halali na nani ni haramu?

Sheria kuu ni ile ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Tangu Januari 2024 viza za kuingia zimefutwa, na msafiri hupata idhini ya kielektroniki mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Mtalii hupewa miezi 3, na anaweza kuomba iongezwe hadi 6. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, isipokuwa Somalia, hawaombi idhini hiyo. Anayetaka kufanya kazi anahitaji kibali chenye daraja lake: D ni ya mwajiriwa, G ni ya mwekezaji mwenye mtaji usiopungua dola 100,000, I ni ya wamishonari, K ni ya mkazi wa miaka 35 au zaidi mwenye pato la uhakika la dola 24,000 kwa mwaka.

Aliyeingia bila kupita kwa afisa wa uhamiaji, aliyezidisha muda, na anayefanya kazi isiyo kwenye kibali chake, wote wamevunja sheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Mbona akizidisha Mwitaliano hasemwi, akionekana Muoromo simu inapigwa polisi?

Hili ndilo swali ambalo huwa natamani kila mhafidhina aulizwe, kwa kuwa jibu lake linaonyesha kama anapenda sheria au anapenda rangi.

Waitaliano walianza kuzoeana na pwani hii miaka ya 1960, wakati mradi wa San Marco wa kurusha setilaiti ulipojengwa Ngomeni. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970. Baada ya wahandisi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja wastaafu, na leo kijana wa ufuoni anaongea Kitaliano kuliko Kiingereza. Wengi wao ni watu wa halali kabisa: wana daraja K, wanalipa kodi, wanaajiri wapishi na walinzi. Hao nawapigia saluti.

Lakini yupo pia yule mwenye muhuri wa mtalii anayesimamia mkahawa, anapokea pesa, anaajiri na kufuta watu kazi. Miezi ikiisha anavuka Tanzania siku mbili tatu, anagongewa muhuri mpya, anarudi kitini. Yupo aliyefunga ndoa ya karatasi na binti wa watu akidhani kesho ataamka Mkenya. Katiba inasema ndoa idumu angalau miaka 7 kabla hajaomba uraia, na ndoa ya kuigiza kwa ajili ya uraia haikubaliki. Yupo aliyenunua kiwanja kwa jina la mpenzi akiamini ni chake milele, ilhali kifungu cha 65 kinampa asiye raia ukodishaji tu, usiozidi miaka 99.

Huyo ni mhamiaji haramu sawasawa na aliyeletwa usiku ndani ya lori. Tena tofauti yao iko upande usiompendeza Mwitaliano: mmoja alisukumwa na njaa, mwingine alisukumwa na bei nzuri ya uduvi. Ninachocheka zaidi ni kwamba kwao Italia sheria ya 2002 ya Bossi na Fini ilikaza masharti ya wageni, na serikali ya Giorgia Meloni ya 2022 ilishinda kwa ahadi za kukaza zaidi. Kusifu sheria hiyo huku umekaa Casuarina hapa Malindi na muhuri uliokwisha muda kunahitaji uso mkavu.

Wahafidhina wa Marekani wanataka nini? Si ni kuwachukia weusi tu?

Wabaguzi wamo, sitakudanganya. Lakini hoja yenyewe ina mizizi, na mzizi mkubwa ni mwaka 1986.

Mwaka huo Rais Reagan alitia saini sheria ya maridhiano. Waliokuwa nchini bila karatasi tangu kabla ya Januari 1982 wangesamehewa, na badala yake waajiri wangeadhibiwa wakiajiri watu wasio na kibali. Msamaha ulitekelezwa, na kama milioni 2.7 wakapata ukaazi. Adhabu kwa waajiri ikabaki kwenye makaratasi, maana mtu alileta kitambulisho cha bandia na tajiri akafumba macho. Kufikia 2007 wasio na karatasi walikuwa takriban milioni 12. Tangu hapo, mhafidhina wa kule akisikia "tusamehe kwanza, mpaka tutaulinda baadaye," anakumbuka kuwa alishauziwa maneno hayo.

Ndiyo maana madai yao hurudia mambo yale yale. Wanataka mpaka ulindwe kwanza. Wanataka kila mwajiri alazimishwe kuhakiki wafanyakazi kwa mfumo wa E-Verify, ambao upo lakini kwa wengi ni hiari. Wanataka maombi ya hifadhi yaamuliwe upesi. Mahakama za uhamiaji zimepata kulimbikiza kesi zaidi ya milioni 3, na mtu anayesubiri miaka mitano kujibiwa keshaota mizizi, hata kama jibu ni hapana. Na wengi wao wanataka uhamiaji halali wenyewe uchague ujuzi zaidi kuliko undugu. Marekani kwa miaka mingi imekuwa ikitoa ukaazi wa kudumu kwa watu kama milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo kusema wamefunga nchi si kweli.

Kuhusu rangi, msome Barbara Jordan. Alikuwa mwanamke mweusi kutoka Texas, wa chama cha Democratic, aliyeongoza tume ya taifa ya uhamiaji hadi alipofariki Januari 1996. Tume yake ilitaka idadi ya wahamiaji halali ipunguzwe, na yeye alishikilia kwamba wasiostahili kukaa lazima waondoke, la sivyo mfumo mzima hauaminiki. Aliwatazama wafanyakazi maskini, weusi wakiwemo, waliokuwa wakishushiwa mishahara.

Na sisi tusijifanye malaika. Sheria ya Kenya ya 1967 iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza wakafunga maduka. Mwaka 1968 Uingereza, chini ya chama cha Labour, ikapitisha sheria mbio mbio kuwazuia.

Bado nijaze bahati nasibu ya Marekani?

Ikiwa imefunguliwa, jaza. Ni njia halali, iliyowekwa na sheria yao ya 1990, yenye nafasi hadi 55,000 kwa mwaka. Wahafidhina wengi wa kule wanataka ifutwe, na kwa kweli hoja yao naielewa: kuchagua wakazi kwa kubahatisha ni jambo la ajabu. Lakini usimlipe mtu anayekuambia ana mkono ndani. Kompyuta haina binamu.

Nina viza ya kutembea. Nikibaki huko nikatafuta kazi?

Shangazi zangu wawili wa mtaani wameniuliza hili kwa niaba ya wana wao, kwa sauti ya chini. Jibu ni hapana, na hata ukiacha maadili, hesabu inakataa. Sheria ya Marekani ya 1996 inasema aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akikaa mwaka mmoja au zaidi, ni miaka 10. Kwa hiyo mzazi anafariki Malindi, wewe uko Minnesota, na ukija kuzika hurudi tena kwa watoto wako.

Mtoto aliyezaliwa hapa na wazazi wageni ni Mkenya?

Kwa kuzaliwa hapa peke yake, hapana. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinahitaji baba au mama awe raia. Mtoto anayeokotwa, anayeonekana hajafika miaka 8 na wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa raia. Marekani ni tofauti: Marekebisho ya 14 ya Katiba yao, ya mwaka 1868, yamesomwa tangu kesi ya Wong Kim Ark ya 1898 kuwa anayezaliwa pale ni raia. Rais Trump alitoa amri Januari 2025 ya kubana hilo kwa watoto wa wasio na karatasi, na mara moja ikapelekwa mahakamani. Wanaoshangaa kwamba mtu anaweza hata kufikiria sheria kama hiyo waisome yetu.

Na wakimbizi? Au nao ni haramu?

La. Mkimbizi ni jambo jingine kabisa, na mhafidhina asiyelitenga ana kasoro. Anayekimbia risasi haombwi viza. Kenya imetia mkono mkataba wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na ina Sheria yake ya Wakimbizi ya 2021.

Pwani hii inajua. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wa visiwa vya Kismayu, Wabarawa na wengineo waliingia kwa mashua hadi Lamu, Malindi na Mombasa, wengine wakafa baharini. Hawakuwa wageni wa kweli: lugha moja, msikiti mmoja, mara nyingi nyanya mmoja. Watu waliwafungulia nyumba kabla ya shirika lolote kufika. Baadaye serikali ikataka waende kambini.

Ninachokataa ni hali ya muda kugeuzwa ya kudumu bila mtu yeyote kuamua. Dadaab ilifunguliwa 1991 na Kakuma 1992. Leo Kenya ina wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, na kuna wajukuu waliozaliwa kambini. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi ziwe miji na wakimbizi wajitegemee. Kazi na shule nauunga mkono, maana kumweka mtu bure miaka 30 ni dhulma. Uraia wa jumla kwa mlango wa nyuma siungi. Jambo kubwa kama hilo liende Bungeni, wenyeji wa Turkana na Garissa wasikilizwe kwanza.

Mpaka wa Kiunga ufunguliwe?

Ufunguliwe siku utakapoweza kufungika. Mpaka na Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011. Mei 2023 serikali ilitangaza kufungua kwa awamu Mandera, Liboi na upande wa Ras Kamboni. Julai mwaka huo huo, baada ya mashambulizi, ikaahirisha. Somalia sasa ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, lakini Kenya ilipowaondolea Waafrika karibu wote ile idhini ya mtandaoni Januari 2025, ilibakiza Somalia na Libya kwa sababu za usalama. Mimi nasema walifanya sawa.

Wa Nairobi husema mpaka wazi ni biashara. Muulize mvuvi wa Lamu aliyepigwa marufuku kuvua usiku kwa miaka kwa sababu ya hao wanaovuka bila kuonekana. Waulize watu wa Mpeketoni kuhusu mauaji ya Juni 2014. Anayelipa gharama ya mpaka usiosimamiwa ni mnyonge wa jirani, na mpaka ukifungwa kabisa ni huyo huyo tena anayekosa kumzika mjomba wake Kismayu. Ndiyo maana nataka kituo chenye maafisa, alama za vidole na saa za kazi, si ukuta mtupu wala uwazi mtupu.

Kwa nini basi ulipinga vijana wa Kibajuni wa Lamu kupigwa msasa wakiomba kitambulisho?

Kwa sababu ni raia. Kijana wa Pate au Faza kuletewa kamati ya wazee imuulize majina ya mababu, huku mwenzake wa Nyeri akipewa kitambulisho kwa cheti cha kuzaliwa, si ulinzi wa mpaka. Ni kumfanya mwenye nyumba mgeni. Mapema 2025 Rais Ruto alitangaza kuuondoa msasa ule wa maeneo ya mpakani. Wenzangu wengine wa kihafidhina walinung'unika. Wanaotaka uraia uwe na thamani waanze kuuheshimu kwa wenye nao.

Wabara waliojaa Lamu ni wahamiaji?

Hapana. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kukaa popote nchini. Kuna manung'uniko ya kweli kuhusu ardhi, tangu mashamba ya Mpeketoni miaka ya 1970 hadi bandari iliyofunguliwa Mei 2021, lakini hayo ni ya hatimiliki na ajira. Msiniingize huko.

Uliipinga misamaha ya Marekani, ukashangilia Wapemba. Huoni unajipinga?

Nimeulizwa hili na watu makini, kwa hiyo nijibu taratibu. Wapemba wa Kilifi na Kwale walikuja kuvua na kukaa miongo kabla ya uhuru, wengine baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Walizaa hapa, wakazikana hapa, na kwa sababu hawakuwa na kitambulisho hawakuweza kusajili chombo cha kuvulia wala kufungua akaunti. Mwaka 2023 serikali iliwatambua kuwa moja ya jamii za Kenya.

Sheria ya 2011 ilikuwa tayari imeweka dirisha kwa watu wasio na nchi waliokaa hapa mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao. Tarehe ni moja, inajulikana, na hakuna anayeweza kuvuka mpaka leo usiku akadai alikuwepo siku ya uhuru. Hapo ndipo inapotofautiana na msamaha unaorudiwa, ambao humwambia kila anayesubiri nje kwamba subira haina maana. Nakubali kwamba waliokuja baada ya mapinduzi ya 1964 wanabaki pembeni ya hoja yangu. Kwao nasema huruma ilitangulia, na sijutii.

Wale Waethiopia wanaokamatwa njiani?

Wengi wanaelekea Afrika Kusini, wamelipa mawakala, na hawajui hata wako mji gani. Warudishwe kwao, ndiyo, lakini wasirundikwe rumande miezi kwa kukosa tiketi. Ukali wangu nauweka kwa wakala, dereva, mwenye nyumba ya kuwafichia na afisa anayepokea chake kwenye kizuizi cha barabarani. Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya ulanguzi wa binadamu inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Mahakamani lakini huwa namwona mhamiaji kizimbani, na tajiri wa safari sijamwona.

Vijana wetu Uarabuni je?

Nchi mwenyeji ina haki ya kuweka masharti, na hilo silibadilishi kwa kuwa safari hii wageni ni sisi. Lakini mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, humfanya haramu kwa kumtoroka anayempiga. Mabadiliko ya Saudi Arabia ya Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio dada zetu hasa. Sheria inayomgeuza aliyedhulumiwa kuwa mkosaji ni sheria mbovu, na mhafidhina anaweza kusema hivyo bila kuomba radhi. Kabla binti hajaondoka, hakikisha wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, mkataba uwe umesomwa kwa lugha anayoielewa, na nakala ya pasipoti ibaki kwa mama yake.

Mgeni akiishi vizuri, anaweza kuwa mmoja wetu?

Anaweza, na nafurahi akiwa. Akae kihalali mfululizo miaka 7, aombe. Sheria inataka pia aelewe na kuzungumza Kiswahili au lugha ya hapa. Nimewajazia fomu watu waliopita mtihani huo wakiwa wanatania kwa lafudhi ya Kimalindi, na wapo wenye majumba hapa miaka 20 ambao bado wanaagiza samaki kwa kunyoosha kidole.

Jirani yangu hana karatasi. Nifanyeje?

Kwanza usimtoze "kodi ya kunyamaza". Hiyo ni jinai, nawe utakuwa mbaya kuliko yeye. Mshauri aende mwenyewe ofisi ya uhamiaji na pasipoti yake, akiwa na wakili kama anaweza. Akisema anakimbia vita au mateso, mwambie aombe hifadhi mapema na aeleze hivyo tangu siku ya kwanza. Akiwa ni mtoto, au binti aliyeletwa kwa ahadi ya kazi na kuzuiliwa ndani, hilo si la uhamiaji tena: piga ripoti polisi siku hiyo hiyo, na umtafutie mama wa kukaa naye mpaka wafike.